Hesabu ya Waya Huanza na Sufuri

Mkipita hapa kwangu, upande huu wa Nakuru unaopanda kwenda Menengai, mkanikuta kwenye kiti cha plastiki nimeinua uso natazama nyaya za stima, msikimbie kumwambia binti yangu kwamba mama ameanza kupotea. Sijapotea. Nahesabu. Jioni upepo unapotoka ziwani kuja mlimani, waya ulio kati ya nguzo yangu na nguzo ya jirani huanza kupumua, juu, chini, juu, na mimi hujikuta napumua nao. Miaka zaidi ya thelathini nilivuta nyaya kutoka hapa mpaka Molo, Kuresoi na kule juu Olenguruone, na mpaka leo hakuna kinachonituliza kama waya ulioning'inia sawasawa.

Nyinyi mlioajiriwa juzi ndio mlioniomba niandike habari za kazi. Nilitaka kukataa. Mna vyombo vya leza vya kupima, mna ndege ndogo zisizo na rubani za kukagua laini, na nikianza kuwatajia kamba na saa ya sekunde mtacheka mpaka mlie. Chekeni tu. Lakini betri ya leza yenu ikikata, na ukungu wa Kuresoi ukawafunika msione hata kidole chenu, mtaikumbuka kamba yangu. Iko nyuma ya mlango, nimeitundika na koti.

Jambo la kwanza ambalo mtu wa nje hajui ni kwamba waya wa stima hauvutwi ukanyooka. Lazima uachiwe tumbo, yaani ule mteremko wa katikati. Tumbo likiwa kubwa, waya unashuka kichwani mwa watu. Likiwa dogo, waya umekazwa mno, na baridi ikija unafupika na kung'oa kila kilichoushika. Mimi nilijifunza hilo Molo, mwaka wangu wa kwanza. Tulivuta laini saa nane mchana, jua limewaka, nami nikawaambia wenzangu tukaze kidogo zaidi ili ipendeze. Ikapendeza kweli, imenyooka kama mstari wa daftari. Asubuhi tukakuta barafu nyeupe juu ya majani ya viazi, vikombe vitatu vya kauri vya kushikia waya vimepasuka chini ya nguzo, na mama mmoja mwenye shamba ameshika vipande mkononi akiniuliza kama hii ni stima ama ni vyombo vyangu vya chai.

Mzee Mwaura, foromani wetu, hakunifokea. Alikuwa mtu mfupi, mwenye kofia ya sufu aliyoivaa hata kanisani, na hasira yake ilikuwa kunyamaza. Alininyamazia mpaka saa nne. Kisha akatoa kamba mfukoni, akairusha juu ya waya mita moja hivi kutoka kwenye nguzo, akanipa ncha zote mbili.

"Funga macho," akasema.

"Mzee, niko kazini."

"Ndio nakwambia ufunge. Macho yako inapenda kupendeza. Hii kazi si ya macho."

Nikafunga. Akaniambia niushtue waya mara moja kwa kamba, kwa nguvu, halafu nilegeze mkono na kungoja. Nikaushtua. Kwa muda hapakuwa na kitu, ila ng'ombe wa mtu akilia huko bondeni. Halafu kamba ikanigusa vidoleni, mguso mdogo sana, kama mtoto anayevuta nguo ya mama yake akitaka kuulizwa. Ikatulia. Ikanigusa tena. Lile pigo langu lilikuwa limekimbia mpaka nguzo ya pili, likagonga, likarudi, likanipita, likaenda tena. Sitawaficha, machozi yalinitoka. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mbili na sikuwa nimewahi kufikiri kwamba chuma kinaweza kunijibu.

"Sasa hesabu," Mzee Mwaura akasema. "Ukipiga unasema sufuri. Sufuri! Kwa sauti, watu wasikie. Ikirudi ndio moja. Ikirudi tena ni mbili. Tatu unasimamisha saa."

Ukishapata sekunde za marudio matatu unaangalia jedwali, na jedwali linakuambia tumbo ni la kina gani. Basi. Hupandi ngazi, hupimi na futi. Na sasa nawaambia jambo ambalo kila kijana hubisha: haijalishi waya ni mnene au mwembamba, wala nguzo zimekaribiana au zimeachana bonde zima. Tumbo la kina kimoja hurudisha wimbi kwa muda mmoja. Likikawia mara mbili, tumbo ni kubwa mara nne. Nilimuuliza Mzee Mwaura kwa nini, akaniambia, "Waya inajua." Kwa miaka mingi hilo ndilo jibu nililokuwa nalo, na lilinitosha.

Aliyenipa jibu lingine ni binti yangu, Chepkemoi, aliporudi likizo kutoka chuo kikuu alikokuwa akisoma fizikia. Nilikuwa nakanda unga, naye akachukua pakiti tupu ya unga akaandika mgongoni mwake mstari mmoja mfupi wa herufi. Akaniambia huo unaitwa mlinganyo wa mawimbi. Nikamwambia mimi nimetoka kwenye laini nimechoka, anitafsirie.

"Mum, hii ni simple," akasema. "Chukua kipande kidogo cha waya. Hicho kipande hakijui nguzo iko wapi. Hakijui nani amepiga. Kinajua tu majirani zake wawili, wa huku na wa huku. Akiona ameinuliwa juu kuliko wao, wanamvuta chini. Akiwa chini yao, wanamvuta juu. Vile amepinda sana, ndivyo anavutwa sana. Hiyo tu ndiyo imeandikwa hapa."

"Na wimbi?"

"Wimbi ni hiyo habari ikipitishwa. Kila mtu anaambia jirani."

Niliacha unga. Nilikaa na mikono myeupe nikiona nyaya zote nilizowahi kuvuta, kila kipande kikimgeukia jirani yake. Akaendelea kunieleza kwamba mstari huohuo ndio wa sauti hewani, ndio wa mwanga unaotoka juani, ndio wa mitetemo ile inayopita chini ya Bonde la Ufa, ambayo wanasayansi huisikiliza wakajua miamba iliyo chini imekaaje. Hata stima yenyewe ndani ya waya, mtu akifungua swichi, hukimbia kwa sheria hiyohiyo. Kinachobadilika ni namba moja tu katikati, ya mwendo: kwenye waya wetu inatoka kwenye mkazo na uzito, kwenye hewa inatoka kwingine, kwenye mwanga ni kubwa kupita zote. Akaongeza kwamba mawimbi mawili yakikutana hayagombani. Yanapandana, yanapitana, na kila moja linaendelea na safari yake likiwa zima. Nilimwambia hilo nalijua kwa vidole vyangu. Mara nyingi kijana wa nguzo ya pili alikuwa akipiga kabla hatujaelewana, na mapigo yetu yalipishana katikati ya bonde, langu likimfikia na lake likinifikia.

Ile pakiti ya unga nimeibandika ukutani. Wageni hudhani ni orodha ya maombi.

Lakini nimezunguka kwa sababu kuna jambo sipendi kulifikia. Ni lile la Kuresoi, na ndilo nililotaka kuwaachia.

Tulikuwa tunapeleka laini kwenye zahanati mpya juu ya kilima. Watu wa kule walikuwa wametoa ardhi yao ili nguzo zipite, wameng'oa ua, wameng'oa viazi kabla ya wakati. Sista wa zahanati alikuwa na friji ya chanjo ambayo bado ilikuwa ndani ya boksi lake, ameifunika kwa kitambaa. Kipande cha mwisho kilikuwa pale laini inapovuka barabara ya malori. Nguzo za pande mbili za barabara hufungwa imara kwa nyaya za kuegemea, na kipande cha katikati huvutwa peke yake. Mzee Mwaura alikuwa amevuta vingine vyote. Asubuhi ile shavu lake lilikuwa limefura kwa jino, hawezi hata kusema jina lake, akapakiwa garini kupelekwa Molo. Aliniachia kamba, saa na jedwali.

Ukungu ulikuwa umekaa chini kabisa. Nguzo ya ng'ambo ya barabara sikuiona, wala winchi, niliwasikia tu wanaume wakiizungusha na kuimba hesabu yao ya kuvutia, moja, mbili, tatu, vuta! Moja, mbili, tatu, vuta! Vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi. Kwa kawaida Mzee Mwaura ndiye aliyepiga na kuita sufuri, mimi nikibonyeza saa tu. Siku hiyo ilibidi nipige, nihesabu na nibonyeze. Jedwali lilitaka karibu sekunde sita kwa marudio matatu. Nikafunga macho, nikapiga, nikasema pamoja na wale wa winchi, "Moja."

Mmeona. Mimi sikuona. Wimbi liliporudi nikasema mbili, liliporudi tena nikasema tatu. Saa ilionyesha muda mfupi, nikawapigia kelele walegeze kidogo. Nikapiga tena. Walegeze tena. Mpaka tatu yangu ikaangukia kwenye sekunde sita, nikafurahi, nikasema fungeni. Nikatia sahihi kwenye karatasi kwamba kipande kimepimwa na kundi letu limeondoka kwenye laini. Na kwa sababu ya ukungu, na kwa sababu ule ni mteremko unaodanganya jicho, hakuna aliyeona kwamba tumbo nililoacha juu ya barabara lilikuwa zaidi ya mara mbili ya lile lililotakiwa.

Stima ilikuwa iwashwe siku hiyohiyo saa sita kamili. Kosgei, mwenzetu, alikuwa kilomita kadhaa chini, kwenye swichi ya laini kubwa, akingoja saa ifike. Juu kwenye zahanati kulikuwa na viti, chifu, pasta, kwaya ya akina mama, na moshi wa nyama. Nilikaa kwenye ngazi ya pikapu yetu nikiwa na kikombe cha chai. Ukungu ulikuwa unainuka polepole, vilima vikitokea kimoja kimoja, na mimi nilikuwa nimelewa usingizi mzuri wa mtu aliyemaliza kazi yake.

Kando ya pikapu wasichana watatu wa shule walikuwa wanaruka kamba. Wawili wanazungusha, mmoja anaruka, na wanabishana kama kawaida.

"Nimefika kumi!"

"Tisa! Ile ya kwanza si ya kuhesabu. Kamba ilikuwa bado haijarudi."

"Lakini nilianza!"

"Kuanza si kurudi. Anza tena."

Nilikuwa nimepeleka kikombe mdomoni na nikakiacha hapohapo. Mkono wangu ulikumbuka kabla ya kichwa. Nilisikia sauti yangu mwenyewe kwenye ukungu ikisema moja, moja, moja, kila mara nilipopiga. Sikusema sufuri hata mara moja.

Nataka mjue nilichofikiri, kwa sababu nanyi mtakifikiri siku moja. Nilifikiri: labda ni nusu mita tu. Nilifikiri: wakiwasha leo, kesho alfajiri naomba tuzime dakika ishirini, tunakaza, hakuna anayejua. Nilimtazama sista anavyopangusa lile boksi. Nilikuwa mwanamke peke yangu katika kundi lile, na nilijua maneno watakayosema, nayajua kwa herufi. Halafu nikasikia lori likinguruma kutoka upande wa Olenguruone, gia ya kwanza, limepakiwa viazi mpaka juu. Na huko juu ya magunia, kama ilivyo kila siku, watu wamekaa.

Saa yangu ilisema dakika saba kabla ya saa sita. Nilishika redio ya gari. Redio ile husikika kila mahali, kwa Kosgei, kwa magari yote ya idara, hadi ofisini Nakuru.

"Kosgei, usiwashe. Narudia, usiwashe."

"Roda? Nimepewa karatasi, laini iko sawa. Sahihi ni yako."

"Sahihi ni yangu. Nimehesabu vibaya. Waya wa barabarani uko chini. Kosa ni langu mimi, Roda. Usiguse hiyo swichi."

Redio ikakwaruza. Kisha Kosgei akasema polepole, "Sawa. Nimeweka kufuli. Ufunguo uko mfukoni."

Nikatoka garini na kutazama upande wa pili wa bonde. Ukungu ulikuwa umefunguka pale pale barabarani. Niliuona waya wangu kwa mara ya kwanza, unang'aa kwa maji, umelala chini kiasi cha aibu. Saa sita ilikuwa imepita dakika moja lori lilipofika chini yake na kupunguza mwendo. Juu ya magunia kijana mmoja akasimama, akaangalia waya ulio mbele ya kifua chake, akanyoosha mkono wa kulia. Akaushika. Akauinua juu ya kichwa chake kama anavyoinua mtu kamba ya nguo ili apite, na wenzake wakapita chini wakicheka. Kisha akauachia, na waya ukaanza kucheza. Nilisimama pale nikiuona ukicheza, wimbi likienda, likirudi. Nilikaa chini kwenye majani mabichi.

Lori lilipanda mpaka zahanati. Yule kijana akaruka chini, akanijia moja kwa moja kwa sababu nilikuwa na kofia ya kazi.

"Niaje madam. Hiyo waya yenu imelala sana. Nimeibeba na mkono ndio tupite." Akanionyesha kiganja, kimeshika masizi ya kijivu. "Hii inatoka na sabuni kweli?"

"Itatoka," nikamwambia.

Chifu alipoambiwa hakuna stima alikasirika sana. "Tumechinja mbuzi mbili ndio mtuambie mumehesabu vibaya? Kwani hamkusoma?" Nikasimama mbele ya viti vyote nikasema nimesoma, na nimekosea, na kesho itawaka. Bibi mmoja wa kwaya akasema yeye amekaa bila stima tangu azaliwe na mbuzi hawezi kurudi zizini, basi tule. Wakala.

Mzee Mwaura alirudi asubuhi yake, pamba mdomoni. Hakuninyamazia kama nilivyoogopa. Alinipa kamba, akasimama nyuma yangu, na nilipopiga akaita pamoja nami kupitia ile pamba, "Sufuri!" Tulikaza mpaka tatu ikaangukia pake. Barua ya onyo ilikuja, ikakaa kwenye faili langu, na cheo nilichokuwa nakingoja kikaenda kwa mwingine kwa miaka kadhaa. Wenzangu wakanipa jina, Mama Sufuri, na mpaka nastaafu nilikuwa nikiitwa hivyo hata na waliokuwa hawajui sababu. Niliitika kila mara. Friji ya sista iliwaka, na nilipoweka kiganja juu yake kuisikia ikitetemeka, nilicheka peke yangu.

Kwa hiyo mkija kuniuliza ushauri, sina mwingi. Leza yenu ni nzuri, itumieni. Lakini kila mkipima, semeni namba ya kuanzia kwa sauti, hata kama mko peke yenu na mnaonekana wajinga. Na redio iwe karibu na mkono.

Yule kijana anaitwa Langat, naye si kijana tena. Ana kibanda cha viazi sokoni Molo, karibu na pale malori yanapopakia, na mimi nikienda kumwona dada yangu hupitia kwake hata kama nyumbani nina viazi vya mwezi. Sijawahi kumwambia habari ya ile saa sita. Nilijaribu mara mbili nikashindwa. Yeye ananijua tu kama mathe wa stima anayependa viazi vyake. Wiki iliyopita alikuwa anainua ndoo kuimwaga kwenye mfuko wangu, na mimi nikasahau kuangalia mfuko.

"Mathe," akasema, "mbona kila siku unaangaliaga huu mkono yangu?"

"Nahesabu vidole."

Akacheka, akaweka ndoo chini, akakinyoosha kiganja mbele yangu, kimechafuka udongo mwekundu wa Mau.

"Ziko ngapi leo?"

Nilivigusa kimoja kimoja, nikianza na sufuri.

"Zote," nikamwambia.